Malai ya Vilima vya Brooklyn

Wengi wetu tunaofundisha Kiswahili tumewahi kuulizwa darasani kama neno sahihi ni malai au aiskrimu. Sisi hujibu kwamba yote mawili ni sahihi: la kwanza limetujia kutoka Bara Hindi, la pili kutoka kwa Mwingereza, na mtoto aliyesimama juani huku yakimchuruzika mkononi hana haja ya kujua asili ya neno. Walakini kitu chenyewe nacho kina historia, na katika makala haya tumependa kusimulia habari za kampuni moja ya malai ya mjini New York, Marekani, iliyoanzishwa mwaka 2011, ikapendwa mno, kisha ikafungwa. Tumeichagua kwa sababu mmoja wa waanzilishi wake alikuwa mwalimu kama sisi, na kwa sababu jina lake lilichotwa katika ushairi.

Kampuni hiyo iliitwa Ample Hills Creamery. Maneno mawili ya mwanzo, yenye maana ya vilima tele, yametoka katika shairi la Walt Whitman liitwalo Crossing Brooklyn Ferry, ambalo lilichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1856. Brooklyn ni sehemu ya New York iliyo ng'ambo ya mto, na Whitman aliishi huko miaka mingi. Jackie Cuscuna alikuwa mwalimu wa shule ya sekondari. Mumewe, Brian Smith, alikuwa akiandika sinema za mazimwi za televisheni. Hawakuwa watu wa biashara. Mwezi wa Mei 2011 walifungua duka lao katika barabara ya Vanderbilt, na kwa siku nne tu malai yote yakaisha. Ikawabidi wafunge mlango, wapike mengine, ndipo wafungue tena.

Je, walikuwa na siri gani? Hapa hatuna budi kueleza jinsi malai yanavyotengenezwa. Maduka mengi madogo hununua mchanganyiko wa maziwa, krimu na sukari uliokwisha kuchemshwa kiwandani, wakatia ladha na kuugandisha. Hao hawakukubali njia hiyo. Walichemsha maziwa yao wenyewe dukani ili kuua vijidudu, kazi inayohitaji mitambo na kibali cha serikali, tena mbele ya macho ya wateja. Kisha mchanganyiko hupozwa, hukorogwa katika baridi kali, na unapokorogwa huingia hewa. Katika malai ya bei rahisi hewa yaweza kufika nusu ya ujazo, hata mnunuzi akawa amelipia upepo. Anayetengeneza kwa mikupuo midogo huacha hewa kidogo, na malai yake huwa mazito mdomoni.

Juu ya hayo, kila kilichotiwa ndani kilikuwa na kichekesho chake. Aina moja, iliyosifiwa kuliko zote, ilikuwa ya sukari iliyounguzwa na kutiwa chumvi, ikachanganywa na vipande vya biskuti za chumvi zilizopakwa sukari ya siagi na chokoleti. Nyingine ilikuwa na viazi vikavu vya kukaanga! Msomaji asicheke: chumvi huamsha utamu, kama ajuavyo kila aliyekula embe bichi kwa chumvi. Keki na biskuti hizo zilipikwa na wafanyakazi wenyewe, zikavunjwa kwa mkono.

Sifa zikavuka mto. Bob Iger, aliyekuwa mkuu wa kampuni ya Disney, aliyaonja malai hayo akayapenda, na mwishoni mwa mwaka 2015 Ample Hills wakatoa malai ya kuadhimisha filamu ya Star Wars, aina moja ya upande wa nuru na nyingine ya upande wa giza. Mwaka 2016 walifungua duka katika eneo la Disney huko Florida. Wenye mtaji wakaleta mamilioni ya dola, na maduka yakaongezeka.

Nasi twaona kwamba shida ilianzia hapo hapo penye baraka. Duka moja laweza kuvunja biskuti kwa mkono, lakini maduka zaidi ya kumi yanahitaji kiwanda. Mwaka 2018 walifungua kiwanda huko Red Hook, karibu na bandari, chenye eneo la futi za mraba 15,000. Ujenzi ulichelewa, gharama zikapita makisio kwa mbali. Kiwanda kikubwa hakilipiki ila kikifanya kazi mfululizo, na New York ina majira ya baridi ambapo wanunuzi wa malai hupungua wakati kodi ya pango haipungui. Wenyewe walikuja kukiri kwamba hesabu hawakuziangalia kwa bidii ile waliyoiangalia sufuria.

Mwezi wa Machi 2020 kampuni iliomba mahakamani kinga dhidi ya wadai. Wako wanaosema ni ugonjwa wa korona ulioiua. Hatukubaliani nao: wakati huo mji ulikuwa ndio kwanza unaanza kufunga milango, na deni lilikuwa la miaka. Ugonjwa uliharibu bei tu. Julai mwaka huo huo mali yote, kiwanda pamoja na maduka, ilinunuliwa kwa dola milioni 1 hivi na Schmitt Industries ya Oregon. Hao walikuwa watengenezaji wa vyombo vya kupimia viwandani! Walibaki na jina, mapishi na mitambo. Smith na Cuscuna wakaondoka, na mwaka 2021 wakafungua duka jingine dogo katika mtaa ule ule wa mwanzo.

Mwezi wa Desemba 2022 Schmitt wakafunga maduka ya Ample Hills. Mwaka 2023 mke na mume hao, wakisaidiwa na wenye mtaji wapya, walilirudia jina lao na kufungua tena katika barabara ya Vanderbilt. Majirani walipanga foleni kama mwaka 2011. Haukupita muda mrefu wakaachana na wenzao hao pia, na jina la vilima likabaki kwa wengine.