Ngitili za Usukuma: miti iliyofyekwa ikarudi

Ngitili ni malisho ambayo Wasukuma huyafunga mvua zinapoanza na kuyafungua kiangazi kikishakolea. Mkoani Shinyanga mvua ni ya msimu mmoja, Novemba hadi Aprili au Mei, na kwa mwaka mzima maeneo mengi hupata kati ya milimita 600 na 900. Kufikia Agosti mbuga za wazi zimebaki udongo mweusi uliopasuka. Hapo ndipo ngitili hufunguliwa, tena si yote kwa mara moja: kipande kimoja huliwa hadi kiishe, kisha kinafuata kingine. Wanaotangulia kuingia ni ndama, ng'ombe wa maziwa, maksai wa kulimia na mnyama mgonjwa au mzee. Kundi kubwa huendelea kuswagwa mbali kutafuta lake.

Utaratibu huo ulikuwa wa kuokoa ng'ombe. Msitu ulikuja baadaye, nao ulirejea mahali ambapo kwa zaidi ya nusu karne mti ulihesabiwa kuwa adui.

Katika karne ya 19 vijiji vya Usukuma vilizungukwa na mashamba ya mtama na uwele, na nje ya mashamba yalikuwapo malisho. Kwato, jembe na moto viliizuia nyika isisogee karibu na nyumba. Wanyama waharibifu nao walikuwa na watu wao wa kupambana nao. Kundi la Banunguli, kwa mfano, liliwinda nungunungu hadi ndani ya mashimo yao. Bayeye walikamata nyoka, wakajua dawa za sumu yake, na ngoma yao ya chatu inachezwa hadi leo. Ujuzi wa porini ulikuwa kazi yenye chama, mwiko na mafunzo.

Mpango huo ulivunjwa na sotoka. Ugonjwa huo uliingia nchi za Maziwa Makuu mwanzoni mwa miaka ya 1890, ukaua sehemu kubwa mno ya ng'ombe pamoja na nyati na wanyama pori wengine. Njaa na ndui vikafuata, na funza, ambaye alikuwa mgeni katika nchi hizi, akaongeza mateso. Palipokosekana ng'ombe wa kula nyasi na mtu wa kulima, vichaka viliota. Wanyama pori waliongezeka tena upesi kuliko mifugo, na pamoja nao akaja ndorobo, ambaye huishi kwenye vivuli vya vichaka na kueneza nagana kwa ng'ombe na malale kwa binadamu. Mwaka 1977 Helge Kjekshus alichapisha kitabu akidai kwamba hapo ndipo Waafrika wa Tanganyika walipopoteza udhibiti wa mazingira yao. Wanahistoria wengine wamemlaumu kwa kuipamba mno enzi iliyotangulia ukoloni, na lawama hiyo ina haki yake. Kwa Usukuma, hata hivyo, mfuatano wa sotoka, kichaka na ndorobo haupingiki kirahisi.

Malale yaligunduliwa wilayani Maswa mwaka 1922. Aliyesimamia vita dhidi ya ndorobo alikuwa Charles Swynnerton, mkuu wa kwanza wa idara ya wanyamapori ya Tanganyika chini ya Waingereza, ambaye baadaye aliongoza utafiti wa ndorobo akiwa Shinyanga hadi alipofariki katika ajali ya ndege mwaka 1938. Aina moja ya ndorobo imepewa jina lake. Mbinu zake zilikuwa mbili. Ya kwanza ni moto: nyasi zilizuiwa zisichomwe mapema, zikaachwa zikauke kabisa, ndipo zikawashwa mwishoni mwa kiangazi ili moto uwe mkali na kuua hata vichaka vibichi. Ya pili ni shoka. Watemi walitoa amri, na wanaume kwa maelfu wakakusanywa kwa siku kadhaa kila kiangazi kufyeka nyika.

Kwa lengo lake, kazi ilifanikiwa. Ndorobo alirudi nyuma, na ardhi iliyofyekwa ikajaa watu na mifugo, kwa kuwa bila makazi kichaka kingerudi. Mfyeko uliendelea kwa sababu nyingine pia, mojawapo ikiwa ni kwelea kwelea, ambao hulala mitini kwa makundi makubwa na kumaliza shamba la mtama kwa muda mfupi.

Kisha ikaja pamba. Zao hilo lilipanuka sana baada ya Vita Kuu ya Pili, na mwaka 1955 vyama vya wakulima viliungana katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, ambalo Paul Bomani alikuwa kiongozi wake mkuu. Fedha za pamba hazikukaa benki, zilinunua ng'ombe. Shamba likapanuka na kula malisho, huku faida ya shamba hilohilo ikiongeza midomo ya kulisha. Serikali ya kikoloni ilijaribu kulazimisha watu wapunguze mifugo na walime kwa matuta, ikitoza faini kwa wakaidi, lakini chuki iliyozuka ilikuwa kubwa kiasi kwamba sheria hizo zililegezwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Wakati wa msongamano huu ngitili zilikuwa na maana zaidi, na ndipo zilipoanza kukosa nafasi.

Pigo lililofuata lilitoka kwa serikali huru. Katika operesheni ya vijiji ya katikati ya miaka ya 1970, kaya zilihamishwa kutoka kwenye maboma yaliyotawanyika zikapangwa kwa mistari. Ngitili ya familia ilibaki kilomita kadhaa nyuma, kwenye ganjo, yaani makazi yaliyoachwa, bila mlinzi na bila uhakika wa nani mwenyewe. Jirani yeyote aliweza kuingiza ng'ombe. Miti iliyozunguka vijiji vipya ikaisha haraka, na mwanamke aliyekosa kuni akapikia mabua ya pamba au samadi, mbolea ambayo shamba lilikuwa likiihitaji. Shinyanga ikaanza kuitwa jangwa la Tanzania.

Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI, ulianza mwaka 1986 kwa msaada wa Norway. Mwanzoni ulifanya yale yaliyozoeleka: vitalu, miche, miti mingi ya kigeni. Ukame, mchwa na mbuzi vikaila miche hiyo. Maofisa walipowasikiliza wazee ndipo walipoielewa ngitili, na hapo mambo yakabadilika. Nyika iliyofyekwa haikuwa imekufa. Visiki vingi vilikuwa hai chini ya ardhi, vikichipua kila mwaka na kuliwa kila mwaka. Mbegu za migunga nazo husambazwa na mifugo yenyewe, inapokula maganda yake na kuziacha kwenye kinyesi. Eneo likifungwa misimu michache tu, machipukizi huwa fito, na fito huwa miti.

Ulinzi ulitoka kijijini. Dagashida, mkutano wa kimila, uliweka sheria na faini. Sungusungu, walioibuka mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wezi wa ng'ombe, wakaongeza ngitili katika doria zao. Mwaka 1986 ngitili zilizoorodheshwa zilikuwa hekta 600 hivi. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilizidi hekta 300,000 katika vijiji 833. Utafiti wa kipindi hicho ulikadiria kuwa mazao yake, yaani kuni, majani ya kuezekea, dawa, asali, uyoga, matunda na malisho, yalikuwa na thamani ya dola 14 kwa mtu kwa mwezi, wakati matumizi ya wastani ya mwananchi wa kijijini yalikuwa dola 8.50. Ndege wa aina 145 walihesabiwa. Utafiti huohuo ulitaja pia hasara: wanyama waliorudi walikula mazao na mifugo, na hakuna mfugaji anayemfurahia fisi kwa kuwa ni dalili ya msitu wenye afya.

Faida hazikugawanyika sawa. Ngitili ya kaya ya kawaida ina hekta mbili hadi tano, lakini mwenye kundi kubwa huwa na eneo kubwa, na asiye na ng'ombe hukodisha nyasi zake au hulazimika kuliuza eneo lenyewe. Mradi ulifungwa mwaka 2004, na sheria ndogo za vijiji zikaachwa zibebe mzigo wote. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Misitu ya 2002 zinatoa nafasi ya kuandikisha ardhi na misitu ya kijiji, lakini ngitili ya baba inaporithiwa na wana watano, kila mmoja hupata kipande kisichotosha kufungwa. Penye mbuga nzuri, mpunga umeingia.

Kundi lisilotosha Usukuma limekuwa likihama kwa miongo kadhaa, kwenda Rukwa, Katavi, Usangu na bonde la Kilombero. Mwaka 2006 serikali iliwaondoa wafugaji katika bonde la Usangu ili kuokoa maji ya Ruaha Mkuu, na wengi wao wakaswaga ng'ombe wao hadi Pwani na Lindi.