Bahasha za Ndege za Kwanza: Ushahidi Wake na Ukimya Wake

Kwa watu wengi bahasha ni ganda tu. Barua ikishasomwa, ganda hutupwa jaani. Lakini wako wakusanyaji ambao kwao mambo ni kinyume: bahasha ndiyo waitafutayo, wala hawajali kama ndani yake mna barua au hamna. Miongoni mwa zile wanazozithamini sana ni bahasha zilizosafirishwa katika safari za kwanza za ndege za posta. Katika makala haya tunakusudia kueleza asili ya bahasha hizo, hasa zile zilizopita katika Ziwa Viktoria, na kuonyesha zinavyoweza kutufaa sisi walimu, na zinavyoweza kutupotosha tusipoangalia.

Desturi hii ilianza mapema. Tarehe 18 Februari 1911, katika maonyesho yaliyofanyika Allahabad, Bara Hindi, rubani Mfaransa Henri Pequet aliruka na barua zipatazo 6,500, akavuka mto Yamuna na kutua Naini, mwendo wa kilomita kumi hivi. Kila barua ilipigwa muhuri maalumu wenye picha ya ndege. Mtu yeyote angeweza kuufikisha mzigo ule kwa gari la farasi bila taabu. Basi haja haikuwa kufikisha habari, bali kupata kumbukumbu. Tangu siku ile bahasha ya safari ya kwanza ilikuwa kitu kilichotengenezwa ili kihifadhiwe.

Katika nchi zetu, majaribio ya kuunganisha Khartoum na Kisumu kwa ndege ya majini yalifanywa mwaka 1927 na Kapteni Gladstone, lakini yalikatizwa na ajali. Safari za ratiba zilianza tarehe 28 Februari 1931, shirika la Imperial Airways lilipofungua njia kutoka London hadi Mwanza. Mifuko ya barua ilibadilishwa chombo mara kadhaa njiani. Kutoka Khartoum ilichukuliwa na ndege za majini zilizofuata mto Nile, zikatua Butiaba katika Ziwa Albert, kisha Port Bell na Kisumu, na mwisho Mwanza. Barua ambayo kwa meli na gari la moshi ingechukua majuma kadhaa sasa ilichukua siku kumi hivi. Tarehe 20 Januari 1932 njia hiyo ilirefushwa hadi Cape Town.

Wakusanyaji walikuwa tayari. Waliandika bahasha zao mapema, wakabandika stempu za "Kenya na Uganda" zenye sura ya Mfalme George wa Tano, wakazituma ili zipite tu katika njia ile mpya. Nyingi hazikuwa na neno ndani. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Bahasha hizi nazo, tupu kama zilivyo, zimevuma hadi leo katika minada.

Je, zatufundisha nini? Mwalimu akiwa na bahasha moja ya namna hii, au hata picha yake, anaweza kuwauliza wanafunzi maswali mengi. Muhuri wa mbele huonyesha barua ilitiwa posta wapi na lini. Muhuri wa nyuma, wa kupokelea, huonyesha ilifika lini. Tofauti ya tarehe hizo mbili ndiyo mwendo wa safari. Stempu huonyesha nani alitawala na gharama ilikuwa kiasi gani. Anwani huonyesha nani alimfahamu nani. Hakuna kitabu kinachoweza kumzoeza mtoto kupima ushahidi kwa macho yake mwenyewe kuliko karatasi kama hii.

Hata hivyo, yafaa tukumbuke kwamba shahidi huyu alialikwa. Bahasha iliyoandikwa kwa ajili ya kuhifadhiwa ni sawa na mtu anayejua kuwa anapigwa picha: husimama wima na kuonyesha upande wake mzuri. Hututajia shirika, njia na tarehe. Haitutajii aliyebeba mifuko kutoka gatini wala aliyeyakokota mapipa ya mafuta. Lugha ya mihuri ni Kiingereza; Kiluganda, Kijaluo na Kiswahili cha gatini havimo.

Mfano mmoja unalidhihirisha jambo hili. Tarehe 14 Machi 1939, ndege ya majini iitwayo Corsair, iliyokuwa ikielekea Juba, ilipotea njia ikatua katika mto Dungu, karibu na Faradje katika Kongo ya Wabelgiji, ikatobolewa na mwamba. Watu wote waliokoka. Kuikwamua kulichukua miezi mingi. Wafanyakazi wa Kiafrika walijenga bwawa ili maji ya mto yainuke, na mwezi Januari 1940 ndege ikaruka tena. Mihuri ya posta haiwezi kutuambia habari za mikono iliyojenga bwawa lile.

Tena kuna ukimya mzito zaidi. Katika Vita Kuu ya Pili, askari wa King's African Rifles, wakiwemo vijana wengi wa Uganda, walipelekwa hadi Burma. Kutoka huko waliwaandikia jamaa zao, wengi kwa Kiswahili, lugha ya jeshi lao, na barua zao zilipitia mikononi mwa wakaguzi. Hizo hazikuwa bahasha tupu. Zilijaa habari za mshahara, za ng'ombe, za mahari, za hofu na za salamu. Lakini hazikuandikwa ili zihifadhiwe, na nyingi hazikuhifadhiwa. Zimeliwa na mchwa, zimewashia moto, zimezikwa na wenyewe. Hivyo karatasi isiyo na neno imelindwa katika albamu, na ile iliyobeba maneno ya watu wetu imepotea.

Hatusemi haya ili kuwalaumu wakusanyaji. Wao walitunza walichokithamini, na leo tunafaidika na utunzaji wao. Lililobaki ni letu. Katika masanduku ya wazee wetu bado zimo barua zilizoandikwa kwa Kiswahili, pamoja na bahasha zake, stempu zake na mihuri yake. Tunapendekeza kila mwalimu awaulize wanafunzi wake kama nyumbani kwao ziko, na kwa idhini ya wenyewe zinakiliwe: tarehe, mahali, na maneno kama yalivyoandikwa, bila kusahihisha tahajia. Stempu isibanduliwe, wala barua isitengwe na bahasha yake, kwani kila kimoja humshuhudia mwenziwe. Akiba haiozi, lakini karatasi huoza. Kazi hii haingoji.