Unataka tairi kubwa kwenye Land Rover ya zamani? Anza na difu

Land Rover za zamani bado zinapiga kazi. Ukienda Maralal kule Kenya, au ukipita njia za Loliondo hapa Tanzania, utazikuta zimebeba watu, magunia na mbuzi safari moja. Oktoba 2024 zilijaa Arusha kwenye tamasha lao. Shida huanza pale mwenye 109 au 110 anapoona picha ya Defender yenye tairi za inchi 35, halafu anasema na mimi nataka hivyo hivyo.

Kuweka inawezekana. Ila tairi ndiyo kitu cha mwisho kununua, na wengi wetu tunakinunua cha kwanza.

Hesabu yenyewe ni fupi

Tairi ya 7.50R16, ambayo 109 na 110 nyingi zinavaa, ina urefu wa karibu inchi 32 kutoka chini hadi juu. Ukivalisha ya 35, gurudumu limekua kwa kama asilimia 10. Spidomita ikisoma 80, wewe uko karibu 88. Na injini inaanza kuona mlima ni mrefu kuliko jana, maana ni kama umepandisha gia ambayo hukuipandisha.

Dereva anafanya nini? Anaongeza mafuta na kuachia klachi kwa kishindo. Tairi ikiwa imeshika kwenye jiwe, nguvu yote ile inapita kwenye shafti ya ekseli. Hapo ndipo unasikia "pah!" na gari inabaki inanguruma bila kwenda.

Ijue ekseli uliyonayo

Lala chini ya gari, angalia difu ya nyuma. Kama mgongo wake umefungwa kwa mfuniko wenye bolti kuzunguka, hiyo ni Salisbury. Ni ndugu wa Dana 60 ya Marekani, na ni ngumu kweli kweli. Inapatikana kwenye 109 za Series III na kwenye 110 hadi miaka ya mwanzo ya 2000. Kama mgongo ni bakuli laini lisilo na bolti, hiyo ni ekseli ya Rover, na difu yake inatolewa kwa mbele.

Ekseli ya Rover ya zamani ina shafti za meno 10 upande wa difu. Hizo ndizo zinazokatika. Kuanzia kama mwaka 1993 au 1994 Defender zikaanza kupewa shafti za meno 24, ambazo zinavumilia zaidi. Kwa hiyo mwenye 88, au 109 ya kabla ya Salisbury, asianze kabisa kufikiria inchi 35 kabla hajabadilisha shafti.

Difu ya ngapi?

Series kwa kawaida zina difu ya 4.7, yaani propela inazunguka mara 4.7 gurudumu likizunguka mara moja. 110 ilipotoka mwaka 1983 ilikuja na 3.54. Lakini gari ikishafikisha miaka 40 usiamini kitabu. Imepita gereji ngapi hujui.

Pima mwenyewe. Weka mawe makubwa mbele na nyuma ya tairi zitakazobaki chini. Usitegemee hendibreki: kwenye Land Rover hizi inakamata propela, siyo magurudumu, hivyo ukiinua mguu mmoja wa nyuma gari inaweza kuondoka hata kama hendibreki iko juu. Piga jeki mguu mmoja tu wa nyuma, weka stendi chini ya ekseli, weka gia kubwa na ndogo nyutro, achia hendibreki. Piga alama ya chaki kwenye propela, halafu zungusha gurudumu mara 20 huku mwenzako akihesabu propela. Ikifika 47, una difu ya 4.7. Ikiishia 35 na kitu, ni 3.54. (Gurudumu moja likiwa chini, mizunguko miwili ya lile la juu inahesabika kama mmoja wa difu. Ndiyo maana ya 20.)

Rudia na mbele. Hili watu wanaliruka, na lina gharama. Difu ya mbele na ya nyuma lazima ziwe sawa. Kwenye Series unaweza kuendesha mwaka mzima difu zikiwa tofauti bila kujua, kwa sababu barabarani unavuta kwa miguu ya nyuma tu. Siku unaingia tope ukaunganisha ya mbele, gari inajikaza yenyewe kwa yenyewe mpaka kitu kimoja kivunjike. 110 inavuta miguu yote muda wote, kwa hiyo kosa hilo linakula difu ya katikati kimya kimya kila kilomita.

Habari njema kwa mwenye Series: 4.7 tayari inafaa tairi kubwa. Mwenye 110 ya 3.54 akivaa 35 anahitaji difu ya karibu 3.9 ili arudi alipokuwa. Gia za 4.1 zinatengenezwa na zitampa nguvu kidogo zaidi ya ile ya mwanzo. Gharama yake ni difu mbili, siyo moja.

Kubadilisha ekseli nzima

Njia nyepesi kwa 109 ya zamani ni kuiwekea nyuma Salisbury ya 109 nyingine. Inakaa kwenye springi za majani, na difu yake ni 4.7 ileile. Kumbuka propela ya nyuma: pua ya Salisbury ni ndefu, kwa hiyo propela ya mwanzo haitatosha nafasi. Dai ya kwake hukohuko unakonunua ekseli.

Ekseli ya 110 kwenye 109 ni habari nyingine. Ni pana zaidi kwa takriban sentimita 15, imetengenezwa kwa springi za koili, na difu ni 3.54. Fundi atakwambia "tunachomelea tu". Mimi nisingekubali kuchomelewa ekseli na mtu ambaye sijaona kazi yake nyingine ikiwa barabarani.

Ekseli yoyote ya mtumba, kabla hujaifunga, badilisha sili na angalia beringi za habu. Sili ikivuja, oili ya difu inalowesha breki. Na breki ndiyo inayonitia hofu kuliko shafti. Tairi iliyokua asilimia 10 inapunguza nguvu ya breki kwa kiasi kama hicho, na tairi yenyewe ni nzito. 109 ina breki za madramu miguu yote. Mteremko kama Kitonga, ukiwa na watu nyuma, siyo mahali pa kugundua hilo.

Kwani lazima iwe 35?

Kwa gari ya kazi, mimi ningebaki na 7.50R16 mpya zenye kashata ndefu. Ni nyembamba, inakata tope laini hadi kwenye udongo mgumu. Usukani wa Series, ambao hauna pawa, hauichukii. Na ni saizi inayovaliwa na Land Cruiser mkonga na Canter nyingi, kwa hiyo hata mji mdogo utaipata. Tairi pana zinasaidia kwenye mchanga, lakini ikipasuka moja porini utaagiza mjini na kusubiri.

Ukinunua mtumba, soma tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ubavuni. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kashata zinaweza kuwa nzima huku mpira umeshazeeka.

Shafti ya nyuma ikikatika njiani

Kwenye ekseli hizi uzito unabebwa na habu, siyo shafti, kwa hiyo gurudumu halichomoki. Fungua bolti za kwenye habu, vuta kipande cha nje, ziba tundu kwa kitambaa na nailoni ili vumbi lisiingie. Kwenye Series unganisha ya mbele, kwenye 110 funga difu ya katikati, kisha rudi polepole ukivutwa na miguu ya mbele. Ukisimama zima gari ikiwa kwenye gia na uweke jiwe nyuma ya tairi, kwa sababu ukishatoa ya mbele, au ukafungua difu ya katikati, hendibreki haina tena cha kushika.