NYUMBA YA KILIMANI: USIUKATE MLIMA, UUFUATE

Kuna jambo linanikera kila nikiangalia viwanja vya milimani hapa kwetu Mwanza. Mtu akipata kiwanja cha mteremko, cha kwanza anatafuta katapila limkwangulie mlima uwe tambarare, halafu anabandika ramani ileile ya nyumba ya bondeni. Mvua kubwa ikinyesha, udongo unamshukia jirani wa chini. Leo nawamegea njia nyingine.

Nyumba inayopendana na kilima maana yake nini? Ni ile inayofuata mteremko ulivyo. Mfano mzuri ni Villa Vals, kijijini Vals, Uswisi, iliyokamilika 2009. Imechimbiwa ndani ya mteremko, mbele ina ua wa duara ulio wazi kuingiza mwanga. Unaingia kupitia banda la zamani la wakulima, halafu njia ya chini ya ardhi. Ukiwa juu yake unaona majani tu.

Msiseme hayo ni ya Wazungu. Wairaqw wa Mbulu walikuwa na tembe zilizochimbiwa ubavuni mwa kilima, paa la miti limefunikwa udongo, na adui akipita mbali hazioni. Babu zetu hawakuhitaji kompyuta kulijua hilo.

Ila uzuri bila hesabu una gharama. Fallingwater, nyumba aliyoichora Frank Lloyd Wright mwaka 1935 kule Pennsylvania, Marekani, imekaa juu ya maporomoko ya maji. Mawe yake yalichimbwa palepale, na mwamba mmoja ukaachwa sebuleni mbele ya moto. Lakini mabaraza yake ya zege yanayoning'inia hewani yalilegea taratibu, mpaka mwaka 2002 ikabidi yakazwe kwa nyaya za chuma.

Sasa wewe mwenye kiwanja chako, zingatia haya:

1. Gawa nyumba kwa ngazi. Sebule ikae juu, vyumba vishuke kidogo. Unachimba udongo mchache na kila chumba kinapata dirisha lake.

2. Anza na maji. Chimba mtaro upande wa juu, uyapeleke pembeni kabla hayajafika ukutani, na uhakikishe hayaishii kwa jirani. Ukuta wa kuzuia udongo uachie matundu, nyuma yake jaza kokoto. Maji yakinasa nyuma ya ukuta, ndiyo yanayousukuma.

3. Msingi ukae kwenye mwamba au udongo mgumu wa asili, kamwe usiuweke juu ya kifusi kilichomwagwa jana.

4. Miti iache, mizizi yake inashika udongo. Jiwe kubwa lililokaa imara likague kwanza, usilipasue hovyo, maana linaweza kuwa nguzo yako ya bure.

5. Mwite mhandisi aukague mteremko kabla hujanunua tofali la kwanza. Jamani, pesa yake ni ndogo kuliko kujenga ukuta mara mbili.

Mimi naamini hivi: kiwanja cha tambarare ni chako peke yako, lakini mteremko una watu chini yake. Unavyochimba juu, kuna mtoto amelala huko chini.

Wewe unayekaa kilimani, kwenu maji ya mvua yanapita wapi? Mwaga maoni yako hapo chini. Nawakilisha.