Wiki Kumi na Mbili za Mtu ni Afya

Siku hizi vitabu vinavyofundisha kujenga mazoea madogo ya kila siku vimekuwa vingi. Kunywa maji uamkapo, kutembea nusu saa, kusoma kurasa chache kabla ya kulala. Sivibezi vitabu hivyo, na baadhi nimevisoma. Lakini sisi tuliokuwa watu wazima mwaka 1973 tuliwahi kuona jambo hilo likijaribiwa na nchi nzima kwa wakati mmoja, kwa njia ya redio, na nadhani mtu anayetaka kurekebisha siku zake peke yake nyumbani ana la kuokota katika historia ile. Jina lake lilikuwa Mtu ni Afya.

Kampeni hiyo haikuzuka tu. Mwaka 1969 kulikuwa na majaribio ya Kupanga ni Kuchagua, yaliyoeleza Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Miaka Mitano. Mwaka 1970, ambao Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, ukaja Uchaguzi ni Wako. Mwaka 1971, tulipotimiza miaka kumi ya Uhuru, ukawa Wakati wa Furaha. Kila mara vikundi vilikaa kuizunguka redio, kwa sababu sensa ya mwaka 1967 ilikuwa imeonyesha kwamba takriban theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma wala kuandika. Ujumbe ulipaswa kuingia kwa sikio kwanza.

Mtu ni Afya ilizipita zote zilizotangulia. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliandaa viongozi wa vikundi wapatao 75,000, na watu kama milioni 2 walihudhuria, katika nchi iliyokuwa na watu milioni 14 hivi. Ilidumu wiki 12. Kila wiki kikundi kilisikiliza kipindi, kikasomewa sehemu ya kitabu, kikajadili, halafu, na hapa ndipo palipokuwa na uzito wote, kikaamua jambo la kutenda kabla ya kukutana tena. Malaria, kichocho, safura, kuhara damu, kifua kikuu: kila ugonjwa ulipewa nafasi yake, na kila ugonjwa ulitudai kitu. Fyeka nyasi karibu na nyumba. Fukia madimbwi. Chimba choo. Chemsha maji ya kunywa.

Nilikuwa na mwaka mmoja tu tangu nitoke chuo cha ualimu, nikifundisha katika kijiji kimoja cha nyanda kame za kati, nikakabidhiwa kikundi cha watu kumi na wanne. Wanaume walikuwa watano. Redio ilikuwa ya mwenye duka, na betri zake tulizianika juani ili zipate nguvu kidogo. Wiki za malaria zilikwenda vizuri. Kufyeka nyasi ni kazi ya siku moja, na watu wakifanya pamoja huwa kama sherehe. Kuchimba choo nako, hata katika ardhi ngumu kama ile, kulikamilika, maana shimo likishachimbwa limechimbwa.

Tulipofika kwenye maji tukakwama. Nilisoma kitabuni kwamba maji ya kunywa yachemshwe kila siku. Bibi mmoja, aliyekuwa mkubwa kuliko sote mle, akanitazama kwa upole akasema, "Mwalimu, na kuni hizo utanikatia wewe?" Watu wakacheka, nami nikacheka, lakini swali lilikuwa la haki kabisa. Kuni pale zilikuwa mwendo wa asubuhi nzima. Mtaalamu aliyeandika "kila siku" pengine hakuwahi kubeba mzigo wa kuni kichwani, na hata sisi wanaume watano hatukuwa tumewahi. Tulijadili mpaka jua likazama bila kufikia uamuzi.

Wiki iliyofuata bibi yule yule ndiye aliyetuletea jibu. Alisema kila jioni, akishaipua ugali, moto hubaki mafigani na hakuna anayeutumia. Basi yeye aliteleka chungu kidogo cha maji papo hapo, akasogeza vijinga, akaongeza kijiti kimoja au viwili, na maji yakatokota watu wakiwa bado wanakula. Hakutafuta saa mpya ya kuchemsha maji. Aliyafunga kwenye ugali, na ugali ulipikwa kila jioni kampeni iwepo isiwepo.

Naomba msomaji akae hapo kidogo, kwa kuwa sijapata kusikia somo bora la mazoea kuliko lile, na nilikaa darasani miaka mingi. Nilipofika chuoni nilifundishwa kwamba tabia hujengwa kwa nidhamu, na nidhamu kwetu ilikuwa kengele. Kengele ya mchakamchaka alfajiri, kengele ya bustani, kengele ya kujisomea usiku. Tulikimbia kila alfajiri kwa miaka miwili, tukiimba. Katika wenzangu ninaowajua, hakuna aliyeendelea kukimbia hata mwezi mmoja baada ya kupangiwa shule. Kengele ilibaki chuoni.

Mwisho wa wiki 12 tulitakiwa kutoa taarifa. Vyoo vingapi vimechimbwa, mashimo mangapi ya taka, nyumba ngapi zimefyekewa nyasi. Nilijaza kwa fahari, maana idadi zetu zilikuwa nzuri. Kwa nchi nzima vyoo vilivyochimbwa kutokana na kampeni vilihesabiwa kwa mamia ya maelfu, na hilo ni jambo kubwa ambalo halipaswi kudharauliwa. Lakini katika taarifa ile hapakuwa na mahali pa kuandika chungu cha bibi. Shimo huhesabika. Jambo linalofanywa jioni, likafanywa tena jioni inayofuata, huhesabiwa vipi?

Jibu lilikuja mapema kuliko nilivyotazamia. Mnamo Novemba 1973 ilitangazwa kwamba kuishi katika vijiji sasa ni amri, na mwaka 1974 watu wetu, kama mamilioni wengine, walihamia mahali papya, mwendo wa saa mbili kutoka pale pa zamani. Watu walibeba milango, mabati kwa waliokuwa nayo, kuku, vinu na mbegu. Vyoo vilibaki. Vyote tulivyovichimba kwa wiki zile, vile vilivyoandikwa katika taarifa yangu, vilibaki nyuma yetu vikijaa majani. Katika kijiji kipya watu walilala kwanza chini ya vibanda vya nyasi, na kwa miezi mingi vyoo vilikuwa vichache mno. Nilipita kwa wale kumi na wanne mmoja mmoja. Wengine walikuwa wamerudia porini bila hata kujitetea. Kwa bibi nilikuta mafiga matatu chini ya mti, hakuna ukuta wala paa, ugali umeipuliwa, na chungu kiko motoni.

Sitaki kutia chumvi. Sikuhesabu waliougua na wasiougua, na mtu mmoja hathibitishi kitu mbele ya daktari. Ila kipindupindu kilipoenea nchini mwaka 1977 na 1978, na matangazo ya kuchemsha maji yakarudi redioni kwa sauti ya kutisha, katika nyumba tatu za kijiji kile hayakuwa habari mpya. Nyumba ya bibi ilikuwa mojawapo. Mbili nyingine ni za wakwe zake, waliojifunza kwake jikoni, si kwangu wala kwa redio.

Mwaka 2020 niliona tena jambo la namna hiyo. Kila duka na kila ofisi iliweka ndoo ya koki mlangoni, sabuni pembeni, na watu wote tulinawa. Baada ya muda ndoo zikawa hazina maji, kisha zikaondolewa, na wengi wetu tukarudi tulikokuwa. Lakini jirani yangu mmoja, fundi baiskeli, bado ananawa kwa sabuni. Nilipomuuliza alisema huwa ananawa akishafunga boksi la vifaa vyake jioni, na boksi asipolifunga vifaa vitaibiwa. Nikamkumbuka bibi.

Mimi mwenyewe sasa nina miaka zaidi ya sabini, na miaka michache iliyopita daktari aliniambia shinikizo la damu limepanda, hivyo nitembee kila siku. Mwalimu mstaafu hana kengele. Nilichofanya ni kumwambia kijana aliyekuwa akituletea maziwa nyumbani kwamba aache kuleta, nitayafuata mwenyewe. Ni dakika ishirini kwenda na ishirini kurudi, na mama watoto hawezi kunywa chai ya rangi asubuhi, kwa hiyo mvua inyeshe au jua liwake ni lazima nitoke. Juzi ng'ombe alikuwa anakaribia kuzaa na maziwa yamekatika. Nilikwenda hivyo hivyo, nikaulize amezaa au bado.