Uzimaji wa kelele ndani ya ndege
Mbinu ya kuua sauti kwa sauti: wimbi la kelele hukutanishwa na wimbi lililo kinyume chake, yakafutana. Mjerumani Paul Lueg alipewa hataza ya wazo hilo Marekani mwaka 1936. Abiria wa Nairobi–Kisumu hukutana nalo katika Dash 8-400 za Jambojet. Kila propela ina mapanga 6; ikizunguka mara 850 kwa dakika hupiga hewa mara 85 kwa sekunde, mngurumo mzito ambao sponji za ukutani hazifui dafu mbele yake. Maikrofoni zilizofichwa kabini huunasa, kompyuta hukokotoa, na vitetemeshi vilivyofungwa kwenye fremu za bodi hutikisika kinyume. Mngurumo huo tu ndio hulengwa; kilio cha mtoto hakizimwi. Wala mvuvi wa Usoma, jirani na uwanja wa ndege wa Kisumu, hafaidiki: nje ndege hunguruma vilevile.