Msitu wa Vitofali

Seremala Ole Kirk Kristiansen wa Billund, nchini Denmark, alianza kuunda vitu vya kuchezea mwaka 1932, na mali yake ilikuwa mbao. Miaka miwili baadaye karakana yake ikapewa jina la Lego. Kitofali cha plastiki kijulikanacho leo kiliombewa hataza tarehe 28 Januari 1958. Mwaka 1960 moto uliteketeza ghala la vichezeo vya mbao, na mwanawe, Godtfred, akaamua kuachana na mbao kabisa. Ama ajabu ni kwamba plastiki hiyo hiyo ndiyo iliyokuja kutumika kuusimamisha msitu upya.

Mwaka 1978 kiwanda kilitoa ngome ya manjano pamoja na askari wake wa farasi. Mwaka 1987 wakatokea wapinzani wa ngome: watu wa msituni, wenye kofia za kijani zilizochomekwa unyoya, pinde mikononi. Hawakupewa jina la Robin Hood, lakini kila mtoto aliwatambua. Walitolewa kwa miaka michache tu, kisha wakatoweka madukani. Watoto wa wakati ule sasa ni watu wazima, na wengi wao wamerudi kuujenga msitu ule kwa mikono yao. Mwaka 2022 kiwanda nacho kikawakumbuka: katika ngome kubwa ya vipande 4,514 kiliweka maficho ya watu wa msituni.

Kazi hiyo si nyepesi. Kutoka kinundu hadi kinundu ni milimita 8, wala hakuna ruhusa ya kuzidisha. Mti hauna pembe mraba, na kitofali hakina mviringo wa gome. Basi mjenzi huchanganya kahawia mbili tatu, husogeza kipande nusu hatua ili shina lionekane limepinda, hutandaza mizizi kwa vipande vya mteremko, na kuficha bawaba ili mti ufunguke na pango lionekane ndani. Vitofali sita vya vinundu vinane, vya rangi moja, huweza kuunganishwa kwa namna 915,103,765. Mshairi ataielewa hali hiyo: mizani ni finyu, lakini ndani yake mna nafasi kubwa. Na kwa vile leo vipande ni vya maumbo mengi kuliko vya utotoni, mjenzi anayetaka ladha ya zamani hulazimika kujinyima. Akivitumia vyote, msitu utapendeza, ila hautakuwa ule aliouacha.

Lakini msitu ule wenyewe ulitoka wapi? Ulitoka katika tungo. William Langland alizitaja tungo za Robin Hood katika miaka ya 1370, kama kitu ambacho hata mvivu alikijua kwa moyo. Katika tungo kongwe zilizosalia, Robin si mtukufu aliyenyang'anywa mali; ni mtu huru wa kawaida. Utukufu alipachikwa karne za baadaye.

Msitu wa kweli wa Uingereza haukuwa mahali pa uhuru. Baada ya uvamizi wa Wanormani mwaka 1066, neno msitu lilikuwa neno la sheria: eneo la mawindo ya mfalme, lenye vijiji na mashamba ndani yake. Mkulima aliyeishi humo hakuweza kufyeka wala kuwinda apendavyo. Ndipo mwaka 1217, kwa jina la Henry III aliyekuwa mtoto wa miaka kumi, ikatolewa Hati ya Msitu. Hati hiyo iliamuru kwamba asiwepo tena wa kupoteza uhai au kiungo kwa sababu ya kulungu wa mfalme. Mkosaji atozwe faini, na asiye na kitu afungwe mwaka mmoja na siku moja. Sheria hiyo ilidumu hadi ilipofutwa mwaka 1971.

Tungo ziliwakumbuka wapiga pinde, na vitofali vikazifuata tungo. Waliosahauliwa ni wale ambao msitu ulikuwa jiko lao na malisho yao. Mjenzi aijuaye habari hii hana haja ya kuubomoa msitu wa utoto wake. Na aweke chini ya mti, kando ya wapiga pinde, mwanamke mwenye mzigo wa kuni. Huyo naye alikuwa mtu wa msituni.